Pemba si kisiwa kitupu

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iitangaze Pemba kuwa eneo maalumu la uwekezaji, ni nadra mkutano wa wafanyabiashara umalizike bila kisiwa hiki kutajwa kwa sifa zile zile: fukwe ambazo bado hazijavamiwa, matumbawe ya Mkondo wa Pemba, msitu wa Ngezi, karafuu, na ardhi ya kutosha. Sifa nne za mwanzo sina ubishi nazo. Hiyo ya tano ndiyo inayonisukuma kuandika, kwa sababu juu yake imejengwa tuhuma ambayo kwa maoni yangu haiwatendei haki watu wa vijiji vya pwani, kwamba Mpemba hampendi mwenye mtaji, kwamba kila mradi ukiletwa yeye hutangulia na malalamiko, na kwamba ndiyo maana Nungwi na Paje kule Unguja zimejaa hoteli ilhali za Makangale na Wambaa huku Pemba ni za kuhesabu.

Wanaoinadi Pemba wana hoja, na ni nzito. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni 736,755, na sehemu kubwa mno kati yao walikuja na kuondoka bila kuvuka Unguja. Umeme wa kebo ya baharini kutoka Tanga ulifika mwaka 2010, ukakitoa kisiwa kwenye jenereta za dizeli za Wesha, lakini viwanda vilivyotarajiwa kuufuata umeme huo ni vichache. Barabara ya Chake Chake hadi Mkoani na uwanja wa ndege wa Karume ni miradi ya fedha nyingi, tena za mikopo, na mkopo haulipwi kwa uzuri wa lami bali kwa biashara inayopita juu yake. Vijana wanaomaliza skuli wanapanda boti kwenda Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, na wengi hawarudi ila kwa sikukuu. Zaidi ya hayo, mwenye mtaji hana sababu ya kusubiri. Akikutana na mgogoro Pemba, pwani ya Kenya ipo, Msumbiji ipo. Mtumishi wa mamlaka ya uwekezaji anayekasirika kuona mradi umekwama miaka mitatu kwa ajili ya eka chache za kichaka ana haki ya kukasirika, kwa maana anaziona ajira ambazo hazikupatikana.

Isipokuwa kile kichaka kina wenyewe, na hapo ndipo hesabu inapoanza kwenda upande mwingine.

Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta Pemba watu 406,848. Ile ya 2022 iliwakuta 543,441. Ongezeko ni watu 136,593 katika miaka kumi, yaani kwa kila watu watatu waliokuwepo ameongezeka wa nne. Nimezirudia takwimu hizi mara nyingi kwa sababu sizioni zikitajwa pale kisiwa kinapotangazwa, na bila ya hizo mazungumzo yote ya ardhi yanaelea. Kisiwa chenyewe ni kile kile cha urefu wa kilomita 67 hivi. Wastani wake sasa unazidi watu 500 kwa kilomita moja ya mraba, wakati wastani wa Tanzania Bara haufiki 70. Mtoto wa mwaka 2012 aliyekuwa na miaka kumi leo anatafuta mahali pa kujenga, na baba yake aliyerithi robo ya shamba la babu ana watoto sita wa kuwagawia. Mabonde ya mpunga nayo, katika sehemu kadhaa za pwani, yameingiwa na maji ya chumvi yakaacha kulimwa. Mtu anayeishi ndani ya hesabu hiyo akisikia kuwa kwao kuna ardhi ya kutosha inayosubiri mgeni, kuuliza ni ardhi ya nani si ukaidi. Ni swali ambalo mwenye akili yoyote angeliuliza.

Kinachoonekana kitupu kwenye picha iliyopigwa kutoka angani kina kazi zake. Kichaka cha nyuma ya ufuo ndiko ng'ombe wanakofungwa, kuni zinakokatwa na shamba linakopumzishwa. Ufuo wenyewe ni diko, ambapo wavuvi huteremsha samaki, huanika nyavu na kuvuta vyombo vyao kuvitengeneza. Maji mafupi yanayoachwa wazi wakati wa bamvua, bahari inapokupwa sana, ndiyo mashamba ya mwani. Hata uwanda wa mawe wa Micheweni, ambao mgeni angeuona haufai kwa lolote, unalisha kaya zinazogonga kokoto na kuchoma chokaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi chenye hati, lakini jirani anajua mpaka wa jirani yake uko mti gani.

Suala la miti ndilo zito kuliko yote. Kisheria ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya dola, msimamo uliotokana na Mapinduzi ya 1964 na kuendelezwa na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, na wananchi wengi waligaiwa eka tatu tatu za kutumia. Kwa hiyo mradi unapofika, anachofidiwa mwananchi mara nyingi ni vipando na majengo, si ardhi yenyewe. Na Pemba mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine, jambo ambalo wenyeji hawalioni la ajabu hata kidogo. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa, kisha huwazalia watu wa vizazi viwili au zaidi. Kuna mwaka wa neema, wachumaji wasitoshe, na kuna mwaka ambao mti hautoi cha kuuza. Mthamini anayekuja siku moja na daftari lake anahesabu mwaka upi? Na anayelipwa fedha ya mara moja kwa mti ambao ungewasomesha watoto wake na wajukuu wake, akizitumia zikaisha, arudi kwa nani?

Inafaa kulifuatilia jambo hili hadi mwisho wake, kwa sababu mwisho huo unamgusa mwekezaji kuliko anavyoambiwa. Shamba la Pemba mara nyingi ni la mirathi ambayo haijagawanywa. Ndugu mmoja anaishi shambani, wa pili yuko Wete mjini, dada ameolewa Unguja, na wawili wako Mombasa tangu ujana wao. Fidia inapotolewa, aliyepo ndiye anayetia saini. Kwa mwaka mmoja au miwili kunakuwa kimya, uzio unasimama, msingi unachimbwa. Kisha wa Mombasa anakuja mazikoni, anauliza shamba la baba liko wapi, na kuanzia hapo mradi uko mahakamani. Aliyelipwa alishakula, Serikali inasema ilifidia, na mgeni aliyeambiwa kuwa kila kitu kimeshakamilika ndiye anayelipa mawakili huku mkandarasi wake akisubiri. Haraka iliyodhaniwa kumvutia imemkamatisha. Yule mzee aliyesimama kwenye mkutano wa shehia, ngazi ya chini ya utawala inayoongozwa na sheha, na kusema warithi wote waitwe kwanza, akaandikwa kuwa mpinga maendeleo, ndiye aliyekuwa akiulinda mradi.

Pemba ina mfano wake katika hili. Katika miaka ya 1990 kisiwa cha Misali, ambacho wazee wanasimulia kuwa Nabii Khidhri aliswali pale, kilipangiwa hoteli. Wavuvi waliokuwa wakilitegemea tumbawe la Misali walipinga, na bila shaka waliitwa kwa majina haya haya wanayoitwa wenzao leo. Mpango ule ukaachwa, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa eneo la hifadhi ambalo wavuvi wenyewe walikuwa na sauti katika kulisimamia. Leo wenye hoteli za Pemba wanawapeleka wageni wao Misali kuzamia na kuogelea, nao hulipa ada kuingia. Waliokataa hoteli moja juu ya kisiwa kile waliihifadhi bidhaa ambayo hoteli zote za upande wa magharibi zinaiuza. Sielewi kwa nini kisa hiki hakisimuliwi katika mikutano ya kuinadi Pemba.

Sidai kwamba kila anayepaza sauti ni mvuvi wa Misali. Wapo madalali na watu wa mjini wanaonusa mradi mapema, wakanunua vieneo kwa bei ya chini kwa mkataba wa karatasi moja, kisha wakasimama kudai fidia kubwa kwa jina la wanakijiji. Zipo kamati za vijiji zinazovuta mambo kwa kuwa mwenyekiti anasubiri chake. Na lipo tatizo la kudai ajira zote za hoteli ziende kwa wenyeji ilhali vijana waliosomea kazi hizo hawajatosha. Serikali haina budi kuwa na namna ya kuyakata haya, tena upesi. Lakini dawa ya dalali ni kuutambua umiliki wa kweli mapema, kabla hajafika yeye, nayo ndiyo ile ile wanayoidai wanaouliza.

Misamaha ya kodi nitaipitia kwa ufupi. Inapendeza kwenye vitabu vya matangazo, na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, haikosei kuitangaza, ila msamaha wa kodi ya faida haumsaidii ambaye bado hajapata faida. Mwenye kiwanda kidogo anatazama kwanza meli ya mizigo ya Mkoani inakuja siku gani na umeme unakatika mara ngapi.

Mwani unastahili nafasi zaidi, kwa kuwa hapa Serikali inajipinga yenyewe. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, wengi wa wakulima wake ni wanawake, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa. Aina ya kotoni, ambayo bei yake ni nzuri zaidi, imeshindwa sehemu nyingi za Unguja kwa sababu ya maji kupata joto, na Pemba ndiko iliko na nafuu. Kwa ajili hiyo Chamanangwe pametengwa kwa viwanda na kiwanda cha mwani kimewekwa pale, mpango ninaouunga mkono bila kusita, kwa sababu unamfuata mzalishaji alipo. Lakini kiwanda kinataka malighafi, na malighafi inatoka katika maji mafupi mbele ya fukwe zile zile zinazotangaziwa wenye hoteli. Paje tumeona jinsi wakulima wa mwani na wacheza tiara za baharini walivyogombea maji. Kama kila ufuo mweupe wa Pemba utakodishwa kwa msingi kwamba hauna mtu, kiwanda cha Chamanangwe kitakuja kununua mwani kutoka wapi?

Mahali pa kuonyesha kuwa njia nyingine inawezekana ni Micheweni. Eneo huru la uchumi la pale, la takribani hekta 808, lilitengwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa zaidi ya miaka thelathini limebaki jina zaidi kuliko kazi, katika wilaya ambayo tafiti za mapato na matumizi ya kaya zimeiweka kwenye kundi la maskini kabisa wa Zanzibar. Haiwezekani kusema kwamba wanakijiji ndio waliolizuia, kwa kuwa muda wote huo uamuzi haukuwa wao. Ningependa, kabla ya tangazo jingine la kutafuta wawekezaji wa eneo hilo, Kamisheni ya Ardhi na masheha wapite shehia kwa shehia, waandike nani ana vipando, nani ana mirathi isiyogawanywa, diko liko wapi na mwani unalimwa hadi wapi, na ramani hiyo ibandikwe ofisi ya sheha ili anayepinga apinge sasa. Fidia nayo iwe na sehemu ya kodi ya pango inayolipwa kila mwaka kwa muda wote wa mkataba, badala ya fedha ya siku moja. Kazi hiyo itachukua miezi, pengine mwaka mzima, na ofisa wa uwekezaji ataona muda unampita. Mwekezaji atakayekuja baadaye atakabidhiwa eneo ambalo wa Mombasa ameshaulizwa.