Ukimkata mtu vipande, punguza rangi

Ukitafuta intaneti picha za watu zilizochorwa kwa mtindo wa kubizimu, ule wa kumvunja mtu au kitu kuwa vipande bapa, utakutana na shavu jekundu, pua ya buluu na paji la uso la manjano. Zinapendeza ukutani, sikatai. Kwangu mimi hizo ni nakshi tu. Picasso na Braque, wachoraji walioanzisha mtindo huo, kati ya 1909 na 1912 walibaki na rangi ya udongo wa njano, kahawia, nyeusi, nyeupe na kijivu, na sababu yao ilikuwa ya ufundi kabisa.

Mwili ukishakatwa kuwa mabapa madogo, kila bapa lina kingo zake. Wale wawili waliacha ukingo mmoja wazi, bega likapotelea kwenye ukuta wa nyuma na ukuta ukaingia begani. Kahawia huingia kwenye kijivu bila kelele. Jaribu hivyo kwa nyekundu na buluu: zinawekeana mpaka papo hapo, kila kipande kinajifungia peke yake, na mtu wako anageuka dirisha la kanisa la vioo vya rangi.

Itazame picha ya Ambroise Vollard, mfanyabiashara wa sanaa wa Paris, aliyoichora Picasso mwaka 1910. Suti na nyuma yake vimechangamana kwa kijivu na kahawia. Kichwa chenye kipara ndicho kilichopewa joto la rangi ya ngozi. Jicho linakwenda huko kwanza, ndipo linaitambua pua na yale macho yaliyoinama.

Na uchache huo si umaskini. Nyeusi ikichanganywa na udongo wa njano hutoa kijani cha zeituni. Ikitiwa nyeupe hutoa kijivu ambacho, kikikaa kando ya kahawia, utaapa ni buluu. Anayejifunza ayaone haya kwanza kwenye ubao wake wa kuchanganyia rangi, madukani atakwenda baadaye.

Najua nitajibiwa kwamba hata wao walizirudia rangi. Kweli, ila angalieni lini: kuanzia 1912, walipoingia kubandika karatasi kwenye picha, na mabapa yakawa makubwa na machache. Hapo rangi ikapata pa kukaa. Juan Gris, mchoraji mwenzao wa kubizimu, alipomchora Picasso mwaka huohuo, alitumia buluu baridi na kahawia, basi, na sijaona picha ya mtu iliyopangika zaidi katika kundi lile. Anayeitaka sana nyekundu yake aanze kwa kupunguza vipande.