Kuchi aandikiwe sifa rasmi, lakini tusianze na manyoya

Ukiulizia Kuchi, mbegu ya kuku wetu wa asili, mnadani Magu au Misungwi, hukosi kuonyeshwa. Pora yeyote mwenye miguu mirefu atapewa jina hilo, na bei itapanda papo hapo. Anayeijua mbegu hutazama zaidi ya miguu: mwili unaosimama wima, shingo ndefu, upanga mfupi ulioshikamana na kichwa, kifua chenye manyoya machache, na uzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine waliowapima kuku wa asili walikuta jogoo wa Kuchi ana wastani wa kilo 2.7 na mtetea 1.8, wakati jogoo wa Ching'wekwe, mbegu nyingine ya asili, alikuwa na 1.6. Hayo yamo kwenye tafiti. Mnunuzi aliyetoka Geita na fedha zake mfukoni hana kipimo cha kumwonyesha muuzaji na kumwambia, huyu siye.

Ndiyo maana nawaunga mkono wanaotaka Kuchi aandikiwe sifa rasmi. Lakini naunga mkono kwa sharti, na sharti lenyewe si dogo.

Waingereza walichapisha kitabu chao cha kwanza cha sifa za kuku mwaka 1865. Wamarekani waliunda chama mwaka 1873, na kitabu chao kikatoka mwaka uliofuata. Humo kila mbegu imeelezwa: uzito, umbo la upanga, rangi ya miguu, hadi mstari ulio kwenye unyoya. Jaji huanza na alama 100, akapunguza kwa kila kasoro. Baada ya Vita Kuu ya Pili kuku wa viwandani walitawala masoko ya huko, na mbegu kadhaa za zamani ziliponea mikononi mwa wafugaji waliokishika kitabu hicho.

Nasi tumefika hapo. Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa wameenea vijijini. Sina ugomvi nao. Wanakua haraka, na familia inayosomesha watoto kwa kuku hao isibezwe. Tatizo ni kwamba wenyewe ni chotara, kwa hiyo watoto wao hawarithi ubora wao wote, na jogoo wao hafungiwi bandani. Anapanda mitetea ya jirani, na baada ya miaka michache kijiji hakina Kuroiler wala Kuchi. Watu wa Ziwa Victoria tumeshaliona jambo la namna hii. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akaleta viwanda vya minofu na ajira hapa Mwanza. Miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wakaporomoka, na inakadiriwa kuwa aina 200 hivi zilitoweka. Faida ilikuwa ya kweli na hasara ilikuwa ya kweli, ila hasara hiyo hairudishiki.

Wanaopinga nao wana hoja, na iliyo kali kuliko zote inatoka hukohuko Marekani. Rhode Island Red aliingizwa kitabuni mwaka 1904 akiwa kuku wa shambani, wa mayai na nyama. Kitabu kilitaka wekundu uliokoza. Wafugaji wa maonyesho wakafuata wekundu, wenye mashamba ya mayai wakafuata mayai. Leo jina ni moja na kuku ni wawili: wa maonyesho anapendeza lakini hutaga kidogo, wa mayai hutaga sana lakini amepauka. Haikuwa bahati mbaya. Ukiwa na mapora 30 na unataka watatu wa mbegu, ukaondoa wasio na rangi, kisha wenye upanga usiofaa, watabaki wanne au watano. Hapo huna tena nafasi ya kuuliza nani alikua haraka, au mama wa nani alilea vifaranga wengi. Kila sifa ya urembo unayoongeza inakula nafasi ya sifa inayolisha nyumba.

Kwa Kuchi naiona hatari hiyo kubwa zaidi, kwa sababu wengi wanampendea urefu na ukali, sifa za jogoo wa kupigana. Zikipewa alama hizo, tutabaki na majogoo ya kupigia picha. Na rangi je? Usukumani kuku mweusi, mweupe au mwekundu hutafutwa kwa matambiko, kila mmoja kwa kazi yake. Anayeandika kwamba Kuchi halisi ni wa rangi moja anamfungia mfugaji soko.

Halafu kuna suala la ndugu kuzaa na ndugu, ambalo mijadala hulipita mbio. Mwenye jogoo mmoja na mitetea 10 anahesabu kuku 11. Kwa hesabu ya wataalamu wa uzalishaji, kundi lake ni sawa na kuku wasiofika hata wanne, maana nusu ya kila kifaranga imetoka kwa jogoo yuleyule. Undugu unaongezeka kwa karibu asilimia 14 kila kizazi, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inashauri usizidi asilimia 1. Mayai yanakataa kuanguliwa, vifaranga wanazaliwa wanyonge. Kufikia kiwango hicho cha FAO yanahitajika majogoo kama 14 na mitetea 140. Mtu mwenye banda uani Buhongwa hawezi. Kaya 14 za kijiji kimoja zinaweza, kila moja na jogoo wake na mitetea 10, zikizungusha majogoo kila mwaka kutoka nyumba hadi nyumba. Kijiji cha kisiwani Ukerewe kinafaa kuanza nacho, kwani jogoo mgeni hafiki huko asipopandishwa chomboni.

Sharti langu ndilo hilo: sifa ziandikwe na vikundi kama hivi, si na wenye mabanda makubwa mjini. Zianze na uzito wa wiki 16, idadi ya mayai kwa mtago, na vifaranga waliofika wiki nane wakilelewa na mama yao. Umbo lifuate. Rangi iachwe huru. Na hakuna mzunguko wa majogoo bila chanjo ya kideri, tone la I-2 jichoni kila baada ya miezi mitatu, la sivyo jogoo atapeleka ugonjwa kaya zote 14.

Hoja moja ya wapinzani sijaipatia jibu kamili: daftari. Mama mwenye mitetea 10 ana kisima, shamba na watoto. Hataandika mayai kila siku kwa ajili ya heshima ya mbegu. Ataandika pale kifaranga mwenye kumbukumbu atakaponunuliwa kwa bei inayomzidi asiye nazo, na wa kuianzisha bei hiyo ni sisi wanunuzi. Maonyesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo yanaweza kusaidia kwa kubadilisha kitu kimoja tu: zawadi ya kuku wa asili ishindaniwe na mtetea aliyeletwa na vifaranga wake na daftari lake, na jogoo aliyeletwa peke yake asipewe alama.