Usiku Bwana Harusi Alipotufungia Kufuli

Umeme ulikatika Unguja nzima tarehe 10 Desemba 2009, kwa hitilafu iliyotokea Fumba, pale ambapo waya wa chini ya bahari uliolazwa mwaka 1980 kutoka Bara unapopandia nchi kavu, na haukurudi hadi Machi 2010. Wengi wanaikumbuka miezi ile kwa joto, kwa madumu ya maji na kwa bei ya barafu. Mimi ninaikumbuka kwa sababu ndiyo miezi niliyoolewa na fundi wa jenereta.

Aliponiposa hakuwa fundi wa jenereta. Alikuwa fundi wa vespa mwenye kibanda chake karibu na Darajani, mtu wa utaratibu, anayefunga kazi baada ya alasiri na kupita mbele ya baraza letu akiwa amekwisha kuoga na kubadilisha shati. Mambo ya jenereta alijifunza mwaka 2008, umeme ulipotupotea karibu mwezi mzima kuanzia Mei, na hakuna aliyedhani kwamba elimu ile ingehitajika tena mapema kiasi kile. Ilipofika katikati ya Desemba, kila muuza duka, kila kinyozi na kila mwenye friji la samaki alikuwa na jenereta yake mlangoni, nyingi zikiwa zile ndogo za petroli ambazo hazikukusudiwa kufanya kazi usiku kucha, na wenyewe wakaziwasha tangu magharibi hadi alfajiri bila ya kuzibadilishia hata oili. Zikaharibika moja baada ya moja, na zote zikaletwa kwa mchumba wangu.

Tangu hapo sikumwona tena akiwa ameoga. Akija kutusalimia, alikaa upande mmoja wa baraza akisikiliza ngurumo za mtaani, na mara nyingine katikati ya mazungumzo ya mahari au ya kitanda alinyanyua kidole na kusema, "Hiyo ya kwa Mngazija inavuta hewa." Mama alianza kuniuliza kwa upole kama nina hakika. Baadhi ya wazee walishauri harusi isogezwe mbele mpaka taa zirudi, lakini Bibi, ambaye nyumba ni yake na neno la mwisho ni lake, alikataa katakata. Alisema yeye aliolewa kwa karabai, dada zake waliolewa kwa kandili, na hakuna hata mmoja aliyepewa mume wa mtu mwengine kwa sababu ya giza.

Basi tukaoana Januari 2010. Kaka yangu, aliyekuwepo msikitini, anasimulia hadi leo kwamba bwana harusi alipokwisha kutamka, "Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo," simu ilitetema ndani ya joho, naye akaipokea na kuongeza kwa sauti ile ile ya heshima, "Lakini msiiwashe mpaka ipoe." Sheikh alisubiri kidogo, akauliza kama hilo nalo ni sharti la ndoa. Mimi sikuwepo, ila kwa ninavyomjua mume wangu, siwezi kumwita kaka yangu mwongo.

Fungate ilikuwa ifanyike nyumbani kwa Bibi, Mji Mkongwe, katika nyumba ambayo usiku ule ilijaa wanawake: Bibi mwenyewe, somo wangu, mama wadogo, binamu waliolala chini ya ngazi, na Shangazi wa Chake Chake, ambaye tangu aliposhuka botini hakuchoka kutukumbusha kwamba Pemba ina mitambo yake ya dizeli pale Wesha na haina habari na waya wa Fumba. Sherehe iliangaziwa kwa jenereta ya jirani yetu, muuza vitambaa. Mashine ile ilikuwa ikikohoa tangu saa tatu, na wageni walipoondoka mume wangu hakuja moja kwa moja chumbani, bali alikwenda kuizima, akaichomoa plagi, ile ndogo ya injini inayotoa cheche, ili aisafishe asubuhi, akaitia mfukoni mwa kanzu na ndipo akapanda juu kwa mkewe, mkono mmoja ukinuka udi na mwengine petroli.

Somo alikuwa amenifunza mengi kwa ajili ya usiku ule. Hakunifunza la kufanya pale mwanamume anapokaa ukingoni mwa kitanda kilichomwagiwa asumini, akakushika mkono, akafungua kinywa kusema neno ambalo umelingoja tangu posa, na simu ikalia. Ilikuwa hoteli moja ya Nungwi. Jenereta yao kubwa imezimika, wageni wao wamo gizani, nyama na samaki wa sikukuu nzima wamo kwenye majokofu, na gari limekwisha kutumwa, liko njiani. Alinitazama kwa huruma ya kweli. Kisha akafungua begi lake la harusi, lile lililopambwa utepe na kuletwa kwa vigelegele, na chini ya mashuka mapya na chupa za manukato akatoa ovaroli.

"Naja sasa hivi," alisema. Nungwi ni kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini.

Sasa, ni lazima nimtendee haki. Aliposhuka ngazi aliwakuta wote wamelala, na hakutaka kumwamsha Bibi aje kutia komeo kwa ndani. Wakati huo huo aliona vibaya kuiacha wazi, katika mji wenye giza, nyumba iliyojaa wanawake na dhahabu zao. Kwa hiyo aliuvuta mlango kwa nje, akainua mnyororo wake wa zamani, akaupachika kwenye pete ya kizingitini na kuufunga kwa kufuli lake mwenyewe, lile zito alilokuwa akifungia jenereta za wateja wasije wakaibiwa. Ufunguo akautia mfukoni, akaenda zake huku moyo wake umetulia kwa ajili yetu.

Tulijua asubuhi, Shangazi alipoteremka na mikoba yake ili awahi boti ya Mkoani. Alivuta mlango. Alivuta tena. Halafu akasema, kwa sauti iliyotuamsha sote, kwamba huu ndio Uunguja aliokuwa akiusikia.

Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa ili asiyetakiwa asiingie, na jambo linalomzuia mtu kuingia halimsaidii kutoka. Madirisha ya chini yana nondo. Mlango wa uani ulikwisha kuzibwa kwa mawe tangu ugomvi wa mirathi wa enzi za babu. Simu ya mume wangu haipatikani, jambo ambalo halikumshangaza mtu, kwa kuwa siku zile hata kuchaji simu kulikuwa kwa kulipia na kwa kupanga foleni. Maji yalikuwa nusu ya pipa. Mwenye masufuria ya kukodi alikuja kuyadai, akayaona yote yamepangwa ndani ya ukumbi, umbali wa mkono kutoka dirishani, na hakuna hata moja linaloweza kupita baina ya nondo.

Kufika saa mbili baraza letu lilikuwa limejaa wanaume, kila mmoja na ushauri wake. Kijana mmoja alileta shoka. Bibi alisogea dirishani, akamwuliza ni mtoto wa nani, na alipotajiwa akamwambia kwamba babu yake alikuwa na adabu. Mlango ule una maua yaliyochongwa kwa mkono na njumu za shaba ambazo Bibi huzisugua kwa ndimu kila mwezi wa Shaabani. Alikuwa tayari sote tuzikwe kupitia dirishani, mmoja mmoja, kuliko kuuona umetiwa shoka. Mnyororo nao asiuguse mtu. Kilichobaki ni kufuli. Ukaletwa msumeno wa chuma, na baada ya meno ya msumeno kulainika, kufuli lilikuwa limepata mkwaruzo mdogo, mzuri, unaong'aa.

"Hili linataka grainda," alisema fundi wa madirisha wa mtaa wa pili, na kweli alikuwa nayo.

Grainda inataka umeme. Umeme unataka jenereta. Jenereta iliyo karibu ni ya muuza vitambaa, na muuza vitambaa alieleza, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba yake imeondolewa plagi na fundi, na kwamba fundi mwenyewe ndiye bwana harusi. Pale barazani pakawa kimya. Muuza kahawa peke yake ndiye aliyeendelea na kazi: alipitisha mdomo wa dele lake katikati ya nondo na kutumiminia kahawa kwenye vikombe tulivyovishika kwa ndani, na akina mama wadogo wakapanga foleni kwa umri.

Hapo ndipo nilipoikumbuka kanzu. Nilipanda juu na hina zangu mikononi, nikaitoa plagi mfukoni, nyeusi kama tako la chungu, na wala sikuhitaji kuuliza itafanywaje. Wachumba wengine huzungumza mapenzi. Mimi kwa wiki nyingi nilikuwa nikizungumziwa masizi, kabureta na choki, nikiitikia "ehe" kwa adabu, na kumbe yote yamekaa. Nikaisugua kwa kipande cha msasa kilichokuwa kwenye mfuko huo huo, nikajifunika buibui juu ya mapambo, nikaketi dirishani na kuipitisha nje.

"Ikazeni kwa mkono kwanza, msianze na spana," niliwaambia. "Fungua bomba la petroli. Vuta choki. Ikikohoa, irudishe nusu."

Wanaume wazima, kati yao mmoja aliyewahi kuwa baharia kwa miaka mingi, walitii. Somo alinitazama kwa jicho la mwalimu anayegundua kwamba mwanafunzi wake alikuwa na chuo kingine cha siri. Walivuta kamba, ikakohoa. Wakavuta tena, ikashika. Mtaa mzima ukapiga makofi, grainda ikalia, cheche zikaruka, na Bibi akasimama nyuma ya mlango akisoma dua kwa ajili ya njumu zake.

Kufuli lilikuwa limebakiza uzi mwembamba tu wakati mume wangu alipotokea mwanzo wa kichochoro, uso umeparamiwa na masizi, ufunguo mkononi na fungu la kamba wa kutoka hotelini. Watu walimpisha. Mimi nilikuwa dirishani, bibi harusi mwenye siku moja, macho yamejaa wanja na hasira. Alinipita. Aliinama mbele ya jenereta, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Nani aliyefunga plagi hii?" aliuliza. "Haijapata kuzunguka vizuri namna hii."

Walimwonyesha dirisha. Aliinua uso, akaniona, na nina hakika kabisa kwamba mwanamume yule alinipenda upya papo hapo, mbele ya watu, kwa sababu isiyomo katika mafunzo ya somo yeyote. Kisha akamwona Bibi nyuma yangu.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi hakuitikia mpaka baada ya adhuhuri, na alipoitikia alitoa na hukumu. Fungate iliyokwisha kuanza imefutika, itaanza upya siku hiyo. Ovaroli itawekwa sandukuni kwake. Komeo la mlango litatiwa na yeye mwenyewe. Shangazi, aliyekwisha kuachwa na boti, aliongeza adhabu ya kwake kwa kubaki hadi boti nyengine, akitusimulia mitambo ya Wesha. Kamba walipikwa na nazi.

Wateja hawakukoma kuja. Walisimama barazani na kubisha nondo, na kwa kuwa fundi alikuwa haruhusiwi hata kuchungulia, niliwasikiliza mimi, nikauliza ilianza kukohoa lini na oili ni ya rangi gani, nikapanda juu kumweleza mgonjwa anasemaje, kisha nikateremka na dawa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya fungate, na sijayaona kuwa mabaya. Baada ya siku chache niliacha kupanda juu kwa yale madogo madogo, nikawa natoa dawa mwenyewe, na fedha nikazifunga pembeni mwa kanga yangu.

Umeme uliporudi, mji mzima ulilipuka kwa kelele za furaha. Watoto walikimbia vichochoroni na feni zilizokwisha kushika vumbi zikaanza kutumwagia uchafu vichwani. Mume wangu alikaa ngazini, kashika tama, akiwaza jenereta zilizojaa kibandani ambazo wenyewe sasa hawatazifuata. Nilitaka kumcheka, lakini muuza vitambaa na kinyozi wa kona walikuwa hawajanilipa.