Mlezi Hodari Anajua Kuzuia Mkono Wake

Katika makao mengi ya wazee, mhudumu anayesifiwa ni yule mwepesi. Anaingia chumbani, na kufumba na kufumbua mkazi ameshaogeshwa, amevishwa, amelishwa na kitanda kimetandikwa. Wasimamizi humpenda. Ndugu wakija kutembelea humkuta mzee wao safi, nao humpenda. Mimi wepesi huo unanitia mashaka. Unyonge tunaouona kwa wakazi wa muda mrefu hauletwi na uzee na ugonjwa peke yake. Sehemu yake hutengenezwa kila asubuhi na mikono yenye nia njema kabisa.

Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Sidney Katz, na wenzake walichapisha kipimo cha mambo sita ambayo mtu hujifanyia kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Waliona kwamba uwezo huo hupotea kwa mpangilio: kuoga hutangulia, kula hubaki mpaka mwisho. Sasa nenda kaangalie wakati wa chakula. Mtu ambaye bado anashika kijiko, ila polepole na kwa kumwagamwaga, analishwa, maana kumlisha ni dakika chache na kumsubiri ni nusu saa nzima. Uwezo ambao ungedumu kuliko mingine yote, tunamnyang'anya wa kwanza. Na likishaandikwa kwenye faili lake neno "analishwa", ni nadra mtu kurudi kuuliza kama bado ni kweli.

Kumsaidia mtu ajilishe ni kazi ya ustadi kuliko kumlisha. Kwanza akae wima, mgongo umeegemezwa, miguu imekanyaga mahali, kidevu kimeinama kidogo. Wewe nawe uketi, macho yenu yalingane. Anayelishwa na mtu aliyesimama huinua kichwa, na koo lililonyooka vile hurahisisha chakula kupotea njia. Kijiko chenye mpini mnene hushikika hata kwa vidole vilivyokakamaa, na sahani yenye ukingo ulioinuka humpa mahali pa kusukumia tonge. Akianza kuchoka, weka mkono wako chini ya wake mwendeshe kijiko pamoja. Asipewe tonge jingine kabla ya kumeza la kwanza. Kwa aliyepata kiharusi, tazama shavu la upande dhaifu, kwa sababu chakula hujificha humo bila mwenyewe kuhisi. Akikohoa, au sauti ikatoka yenye majimaji, simamisha chakula na umwite muuguzi. Akimaliza asilazwe mara moja, akae wima kama nusu saa, kisha kinywa kisafishwe. Hilo la kinywa hupuuzwa mno, ilhali mate yenye vijidudu yakiteremka mapafuni huleta nimonia. (Meno ya bandia nayo yasioshwe kwa maji ya moto. Hupinda, na baada ya hapo kila mlo ni mateso.)

Kwenye mavazi kanuni ni fupi: kuvaa huanza na mkono ulio dhaifu, kuvua huanza na ulio mzima. Mpe nguo moja moja kwa mpangilio wa kuvaliwa. Mwenye tatizo la kusahau umwambie jambo moja tu, kisha unyamaze. Kimya hicho ndicho kinachowashinda wahudumu wengi.

Kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu ni hivyo hivyo. Kiti kiwe upande wake wenye nguvu, breki zimefungwa, vikanyagio vimeondolewa njiani. Asogee ukingoni mwa kitanda, nyayo zikanyage sakafu, ainame mbele, asukume godoro kwa mkono wake mwenyewe. Wewe unashika mshipi wa kumhamishia, ule aliofungwa kiunoni, na kuongoza. Kumvuta kwa makwapa humuumiza bega na wewe mgongo, na hakumfundishi mwili wake chochote.

Simaanishi wazee waachwe wahangaike. Asiyeweza kujigeuza hasubiriwi. Hugeuzwa, kwa desturi kila baada ya saa 2 hivi akiwa kitandani, au kadiri ngozi yake inavyodai. Visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo vikaguliwe, visije vikaota vidonda vya kulalia. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu: papasa, utafute joto, ugumu au maumivu. Mkazi aliyekuwa akijifanyia mambo yake na leo ghafla amechanganyikiwa ni mgonjwa, na habari zake zimfikie muuguzi saa hiyo hiyo. Tena wapo wanaosema, "Leo nimechoka, nivishe." Mvishe.

Najua jibu la wahudumu: wakazi ni wengi, sisi ni wachache. Ni kweli, na lawama hiyo ni ya waajiri kwanza. Sheria ya Marekani ya 1987 kuhusu makao ya uuguzi ilidai uwezo wa mkazi wa kujihudumia usipungue, isipokuwa pale hali yake ya kiafya inapofanya jambo hilo lisiepukike. Naipenda sheria hiyo kwa sababu inaibebesha taasisi mzigo wa kueleza kwa nini mtu aliyeingia akitembea sasa hatembei. Kupima kazi kwa idadi ya waliokwisha kuogeshwa kabla ya kifungua kinywa hakuwezi kamwe kujibu swali hilo.

Hata palipo na uhaba wa watu, mhudumu anaweza kumchagulia kila mkazi tendo moja la kumwachia: huyu kuosha uso, yule kufunga vifungo. Tena aliandike wakati wa kukabidhiana zamu, na aliandike kwa ukamilifu. "Hula mwenyewe hadi nusu ya sahani, kisha mkono huchoka" ni taarifa ambayo mhudumu wa zamu inayofuata anaweza kuifanyia kazi.