Zamani video ilikuwa inangoja

Wiki mbili zilizopita cherehani ya marehemu mama ilianza kutapika uzi. Juu mshono unaonekana safi. Ukigeuza kitambaa, chini kumejaa kiota cha ndege. Nikafanya kama kila mtu siku hizi: nikachukua simu, nikatafuta video. Akatokea bwana mmoja mwenye mikono stadi, anaeleza vizuri kabisa habari za bobini. Nikatamani kumwambia, "Hebu hapo hapo, geuza upande wa pili nione." Yeye huyo, anaendelea. Mikono yangu imejaa mafuta ya mashine, simu nimeiegemeza kwenye birika, na kila nikijaribu kurudi nyuma kwa kifundo cha kidole narudishwa kwenye salamu na maombi ya kujiunga. Niliinama kuokota bisibisi, na kuinuka bwana yule keshaaga, mahali pake kuna dada anakaanga vitunguu vya pilau. Sikuwa nimemwomba mtu pilau.

Tangu siku hiyo kichwani mwangu umekaa mji wa Aspen.

Aspen ni mji mdogo wa milimani katika jimbo la Colorado, Marekani, watu huenda huko kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1978 watafiti wa chuo cha MIT, kutoka kundi lililoitwa Architecture Machine Group chini ya Nicholas Negroponte, walianza kuuzunguka mji huo kwa gari lililobeba kamera 4 za filamu ya milimita 16, kila moja ikitazama upande wake. Walilifunga pia gari hilo gurudumu la baiskeli. Kila gurudumu lilipohesabu futi 10, kama mita 3 hivi, kamera zilipiga picha. Gari lilipita katikati ya barabara, na kazi ilifanywa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana ili vivuli visipishane sana kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Kwenye njia panda walipiga na kona zake. Wakaja tena majira mengine, wakapiga mitaa ile ile: mara moja majani yanapukutika (vuli yao, si vuli yetu ya mvua), mara nyingine theluji imetanda.

Picha hizo ziliingizwa kwenye diski za leza, mfano wa CD lakini kubwa kama santuri. Mtazamaji aliketi mbele ya skrini ya kugusa, na mji ukawa mbele yake. Akitaka kwenda kushoto anagusa, anakwenda kushoto. Akitaka kuiona barabara ile ile wakati wa theluji, anabadili majira papo hapo. Akivutiwa na jengo analigusa, na baadhi ya majengo yalimruhusu aingie ndani. Kazi hiyo ikaitwa Aspen Movie Map, na aliyeiongoza ni Andrew Lippman. Google walizindua Street View, ramani yao ya picha za mitaani, mwaka 2007, karibu miaka 30 baadaye, na watu tukashangaa kama tumeona jambo jipya.

Ufundi wake unanifurahisha hadi leo. Upande mmoja wa diski ya leza ulibeba fremu 54,000. Ukiziachia zikimbie mfululizo, fremu 30 kwa sekunde, zimekwisha kwa nusu saa. Lakini wao hawakuziachia. Kila fremu ilikuwa na namba yake, na kompyuta iliweza kuagiza, niletee hii, sasa ile. Tatizo ni kwamba mashine ya diski huchukua muda kuhama kutoka fremu moja hadi nyingine iliyo mbali, na muda huo skrini ingebaki nyeusi. Kwa hiyo walitumia mashine zaidi ya moja: hii inaonyesha barabara unayopita, ile imeshatangulia kusubiri kwenye kona ambayo huenda ukakata. Utingo aliyeshuka mapema, akakusubiri kituo cha mbele. Na tusisahau kwamba picha zenyewe hazikuwa za kidijitali hata kidogo. Kompyuta ilikuwa dereva tu.

Pesa zilitoka DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani, na hapa ndipo hadithi inapogusa kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, kuwakomboa mateka wa ndege ya Air France. Kabla ya safari walikuwa wamejengewa mfano wa sehemu ya jengo la uwanja, wakaufanyia mazoezi nyumbani kwao. Wanajeshi wa Marekani wakajiuliza: je, mtu anaweza kuuzoea mji asioujua bila kujenga mfano wa mbao na turubai? Negroponte mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba Aspen ilizaliwa katika swali hilo. Nikiitazama ramani ya mitaa kwenye simu nikitafuta duka la vitambaa, huwa nakumbuka kwamba shina lake lina tawi lililopita ufukweni mwa ziwa Viktoria. Sijui nifurahi au niogope.

Lakini kilichonirudisha Aspen siku ya cherehani ni fikra za Lippman kuhusu neno shirikishi. Kwake, mashine shirikishi ni ile ambayo pande mbili zinatenda kwa pamoja, kama watu wanaozungumza, wala si kama mhadhiri na darasa lake. Mazungumzo ya kweli hukatizwa. Mtu hukudaka neno katikati ya sentensi, nawe unageuza ulichotaka kusema. Ukiulizwa usichokijua hudondoki ukazimia. Unasema hilo sijui, unaendelea. Halafu kuna sharti lake ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: mashine isiwe na njia yake ya kawaida, ile inayoifuata yenyewe wewe ukinyamaza. Ukisimama, nayo isimame.

Bibi yangu hakuwahi kuiona kompyuta, na sharti hilo alilijua. Akisema "Paukwa!" haendelei mpaka asikie "Pakawa!" Sauti zikipungua, anarudia: "Paukwa!" Zikibaki mbili, anapunguza sauti. Zikiisha, anatufunika shuka na hadithi inalala hapo hapo ilipofika, na kesho tunabishana ilifikia wapi. Simu yangu, nikisinzia, inahubiri peke yake hadi betri inakata roho.

Huko Aspen, ukifika njia panda ukaamua kutafakari, picha ilitulia mbele yako. Ingeweza kutulia saa nzima. Leza haigusi diski, kwa hiyo kuitazama fremu moja muda mrefu hakuichubui. Wenye umri wangu wanakumbuka deki ya kanda: ukibonyeza ya kusimamisha, picha inatetemeka dakika chache, kisha deki inajizima yenyewe kuokoa utepe usilike. Kungoja, kwa maana hiyo, kulihitaji ufundi wake, na ufundi huo ulikuwa umepatikana.

Sasa, ilikuwaje tukapoteza kitu tulichokwisha kukipata? Mimi nadhani hesabu ya ukubwa wa video ilimeza akili za watu wote, na ilikuwa hesabu ya kumeza kweli. Chukua picha ya nukta 640 kwa 480, kila nukta baiti 3. Hiyo ni baiti 921,600 kwa picha moja. Zidisha kwa 30 kwa sekunde: zaidi ya baiti milioni 27. CD ya kompyuta ya wakati ule ilijaa kwa sekunde 24 hivi za video kama hiyo. Tena mashine zake zilisoma kilobaiti 150 tu kwa sekunde, maana yake kusoma sekunde 1 ya video kungechukua dakika 3 nzima.

Waliolivamia tatizo hilo kwa ushujaa walikuwa watu wa maabara ya RCA, kampuni ya Marekani ya redio na televisheni, kituo cha David Sarnoff, Princeton. Kampuni ilikuwa imetoka kuungua: diski yao ya video iliyosomwa kwa sindano, kama santuri ya gramafoni, waliitelekeza mwaka 1984 baada ya hasara iliyopita dola milioni 500. Juu ya majivu hayo ikaota DVI, video ya kidijitali iliyobanwa hadi kuenea kwenye CD, zaidi ya saa nzima kwenye diski moja, ikifunguliwa na chipu maalumu ndani ya kompyuta ya mezani. Waliionyesha hadharani Machi 1987, Seattle. Mwaka uliofuata ikauzwa kwa Intel.

Nawapenda kwa jambo moja hasa. Walipotaka kuonyesha DVI ina faida gani hawakuchukua filamu ya kupigana. Walishirikiana na chuo cha ualimu cha Bank Street cha New York, ambako Kathleen Wilson aliongoza kazi iliyoitwa Palenque. Mtoto anatembea kwenye magofu ya Wamaya nchini Mexico, anapanda ngazi anazotaka, anageuza kichwa digrii 360, anasimama alipopapenda, anaingia kwenye makumbusho kuuliza maana ya alichokiona. Hakuna anayemharakisha. Kwa watu hao, kubana video kulikuwa na sababu: mtoto apate nafasi ya kuzunguka.

Ila ndani ya DVI kulikuwa na mbegu ya yaliyokuja. Kufungua video kulifanywa na chipu kwenye meza yako. Kuibana kwa ubora mzuri kulihitaji kompyuta kubwa, na mwenye kanda ilimbidi aipeleke kwenye kituo ikabaniwe. Wachache wanabana, wengi wanafungua. Wakati huo kulikuwa na sababu za kiufundi tu, siwalaumu. Lakini zoea likishaingia kwenye chipu huwa halitoki upesi.

Kilichoshinda hatimaye ni mtindo mwingine wa kubana, na asili yake ni mtu mmoja ninayedhani anastahili kutajwa zaidi. Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Mwaka 1972 aliomba fedha kwa shirika la taifa la sayansi la Marekani ili aendeleze wazo la kihesabu la kuzigeuza nukta za picha ziwe mawimbi, kisha yale mawimbi madogo ambayo jicho haliyajali yatupwe. Alinyimwa. Mmoja wa waliolipitia ombi aliona wazo lenyewe ni rahisi mno. Akaendelea hivyo hivyo, na Januari 1974 yeye, T. Natarajan na K. R. Rao wakalichapisha. Juu ya wazo hilo rahisi mno vimejengwa JPEG, mtindo wa kubana picha, na MPEG, mtindo wa kubana video, yaani takriban kila picha uliyotumiwa leo kwenye simu.

Na wengi wetu tumeiona hesabu ya Ahmed kwa macho, bila kujua. MPEG ya kwanza iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndiyo iliyokuwa ndani ya VCD, zile zilizojaa Kariakoo na River Road: taarabu, filamu za Kihindi, baadaye filamu zetu wenyewe. Diski moja haikutosha filamu nzima, ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na mtu wa kunyanyuka kuweka CD 2 pale pale mambo yanaponoga. Na diski ikichubuka, uso wa mwigizaji ulivunjika vipande vya miraba. Unaifuta kwa fulana, unairudisha, miraba iko pale pale. Miraba ile ndiyo vile vipande vya nukta 8 kwa 8 ambavyo hesabu inavishughulikia kimoja kimoja. Kikikosa taarifa zake, kinaonekana utupu wake.

Tukapata basi video ndogo, rahisi, ya kila mtu, na sitaki kujifanya hiyo si neema. Lakini kilichosafiri hadi kwetu ni ule ubanaji. Mtoto wa Palenque aliachwa Princeton. Na njia ya kawaida, ile Lippman aliyoikataza, sasa ndiyo biashara yenyewe: video ikiisha nyingine imeshaanza, na ukinyamaza ndipo programu inapofanya kazi kwa bidii kubwa zaidi.

Nakubali kuna upande wa pili. Aspen yenyewe haikuwa uhuru mtupu. Ulikwenda pale tu gari lilipokwisha kupita, na uchochoro ambao haukupigwa picha haukuwapo duniani. Tena jioni nimechoka sitaki kuongoza gari la mtu, nataka nisimuliwe tu nilale. Ila hata msimuliaji anapaswa kujua kwamba nimelala.

Cherehani niliipeleka kwa fundi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikaanza kumweleza habari za bobini kama nilivyofundishwa na simu. Akanikatiza. "Ngoja mwanangu, bobini haina kosa." Akainua mguu wa mashine, akautoa uzi wa juu, akaupitisha upya. Haukuwa umeingia kati ya visahani vinavyoukaza, ndiyo maana ulikuwa unarundikana chini. Nikamkatiza na mimi: upande gani, babu, hebu rudia. Akaigeuza mashine kuelekea kwangu, akautoa uzi tena, akaacha mkono hewani mpaka niliposema nimeona.