Cheti cha muuzaji kinatosha? Kupima plastiki katika viwanda vidogo vya Uganda

Uganda haizalishi punje za plastiki zinazotokana na mafuta. Magunia ya kilo 25 yanayofunguliwa Namanve au Jinja mengi hupitia Mombasa, yakifuatana na cheti chenye tarakimu chache: msongamano, mtiririko wa plastiki ikiyeyuka, nguvu ya kuvutwa. Mwenye kiwanda kidogo akiuliza kwa nini anunue vifaa vya kupima kilichokwisha kupimwa, haulizi upuuzi.

Punje mpya, gunia likiwa halijafunguliwa na namba ya mkupuo (punje zilizotengenezwa pamoja) ikilingana na cheti, aghalabu huwa kama zilivyoandikwa. Mashine ya kuvuta sampuli mpaka zikatike ni ghali, inahitaji kusawazishwa mara kwa mara na fundi anayeielewa. Kiwanda chenye mashine mbili za jerikeni kitaigeuza rafu ya kuwekea vikombe vya chai. Kipimo cha namna hiyo kipelekwe maabara ya nje, basi.

Hoja hiyo huanza kuyumba chakavu kinapoingia. HDPE, plastiki ngumu ya jerikeni na makreti, si ya aina moja. Ile ya kupulizia jerikeni ya lita 20 ni nzito kutiririka: ikipimwa kwa nyuzi 190 za Selsiasi na kusukumwa kwa uzani wa kilo 2.16, kwa kawaida hutoa chini ya gramu 0.5 kwa dakika 10. HDPE ya vizibo na makreti, iliyotengenezwa kwa ajili ya kujaza moldi (kalibu ya kuipa plastiki umbo) haraka, hutoa mara kumi au zaidi. Zote huitwa HDPE, zote huelea majini, na muuza chakavu huziuza kwa jina moja. Ukizichanganya, bomba la plastiki moto linaloning'inia kabla moldi haijafunga hurefuka kwa uzito wake lenyewe, likawa jembamba juu na nene chini. Mizani itasema jerikeni ina uzito sahihi, huku ukuta wa sehemu ya juu ukiwa umepungua.

Hapo kifaa cha kupima mtiririko hujilipa. Silinda hupashwa moto, hujazwa gramu 3 hadi 8, husubiriwa dakika 5, kisha pistoni husukuma plastiki kupitia tundu la milimita 2.095. Vipande hukatwa kwa muda uliopangwa, vyenye mapovu hutupwa, vilivyobaki hupimwa kwenye mizani ya miligramu. Makosa ya kawaida ni mawili: tundu lisilosafishwa, na umeme unaokatika katikati ya kazi. Joto likiyumba nyuzi chache tu, namba haifai tena. Anza upya na plastiki mpya.

Hata namba sahihi, hata hivyo, haisemi yote, na hapa wanaokiabudu kifaa hiki nao wanakosea. Mchanganyiko wa plastiki nzito kutiririka na nyepesi kutiririka unaweza kutoa mtiririko sawa na wa plastiki moja safi, ilhali upinzani wake dhidi ya nyufa ni duni: minyororo mirefu ya molekuli inayoshikilia pamoja fuwele ndogo zilizomo ndani ya plastiki imepungua. Nyufa za aina hii huja polepole, hasa jerikeni ikibeba sabuni ya maji au mafuta. Vilevile PP (polipropilini, plastiki ya aina nyingine) iliyopenya ndani ya HDPE haitenganishwi kwa beseni la maji, kwani nayo huelea; dalili yake ni tabaka zinazobanduka ukikata ukuta kwa kisu na kuukunja.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, anayetumia punje mpya pekee abaki na cheti, ila aweke sampuli ya kila mkupuo. Anayechanganya chakavu apime mtiririko wa kila shehena, apime unene wa ukuta juu na chini kila zamu, na achukue jerikeni chache azijaze maji ya sabuni, azipangilie na kuziwekea mzigo juu kwa wiki kadhaa mahali penye joto. Si kipimo cha kiwango rasmi na hakiwezi kutumiwa kuombea alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Ila shehena mbovu itapasuka uani kwako kabla haijapasuka kwenye gari la mteja.