Uingereza Ililinda Mshahara, Kenya Ikalinda Mtihani

Kila mjadala wa Wakenya kuhusu mwaka 2020 ukifika kwenye shule, maneno huwa ni ya watoto waliokaa nyumbani na wazazi waliochoka. Walimu, makarani, wapishi na mabawabu hutajwa kwa sentensi moja, kisha watu wanasonga mbele. Mimi ni karani wa ofisi ya mitihani katika shule ya sekondari huku England, na ndugu yangu mdogo ni mwalimu wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule, kule Pwani ya Kenya, anafundisha Kemia na Biolojia. Janga la Korona lilitukuta sote wawili tukiwa kazini shuleni, yeye huko na mimi huku. Nilichokiona ni hiki: huku serikali ilimlinda mfanyakazi wa shule, lakini mtihani ukamharibikia mikononi. Nyumbani serikali iliulinda mtihani, mfanyakazi akaachwa ajitafutie. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo ambalo bado hatujalirekebisha.

Jumapili tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule za kutwa hazitafunguliwa kesho yake, na za bweni ziwe zimewarudisha wanafunzi makwao kufikia Jumatano. Jumatano hiyohiyo, tarehe 18, Waziri wa Elimu wa huku, Gavin Williamson, akasema shule zitafungwa Ijumaa na mitihani ya GCSE na A-level ya msimu ule, ile ya vijana wa miaka 16 na 18, haitafanyika. Sisi wa ofisi ya mitihani tulikuwa tayari na orodha za watahiniwa, vyumba, ratiba na wasimamizi. Mwalimu mkuu wetu alizipata habari hizo kwenye runinga, saa ileile tuliyozipata sisi. Ndugu yangu akaniambia kwao ilikuwa vivyo hivyo.

Huku milango haikufungwa kabisa. Watoto wa wauguzi, wa madereva, wa wafanyakazi wa maduka ya chakula, pamoja na wale walio katika mazingira magumu, waliendelea kuja, kwa hiyo tulipangiwa zamu. Tuliogopa, tena sana. Lakini mwisho wa mwezi mshahara uliingia kamili, wa mwalimu, wa fundi wa maabara, wa mfagizi na wangu. Waliopata taabu ni walimu wa kibarua wanaoletwa na mawakala. Baadhi yao waliingizwa katika mpango wa serikali wa kulipa asilimia 80 ya mshahara, usiozidi pauni 2,500 kwa mwezi, na wengine mawakala wao walikataa kuwaandikisha. Nawataja kwa sababu watu wa nyumbani hudhani huku kila mtu alibebwa. Hapana, wapo walioanguka katikati. Ila wengi tulibebwa, na hilo siwezi kulikana.

Nyumbani mambo yaligawanyika kwa mstari mmoja mkali. Mwalimu aliyeajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, alilipwa kama kawaida. Mwalimu wa BOM, anayefundisha watoto walewale, silabasi ileile, chumba cha pili kutoka kwa mwenzake, hakulipwa, kwa sababu pesa yake hutoka kwenye karo inayokusanywa na bodi ya shule. Karo iliposimama, naye akasimama. Mpishi, bawabu, karani wa bohari na mhudumu wa maabara walikuwa katika mtumbwi huohuo. Shule za binafsi nazo ziliwapa walimu likizo isiyo na malipo, na nyingine hazikufunguliwa tena. Kule Kirinyaga shule moja ilipanda mboga uwanjani na kufuga kuku madarasani, picha zikazunguka dunia nzima. Mwenye shule alikuwa anajaribu kuishi, simlaumu. Lakini katika zile picha mimi nilikuwa nawatafuta walimu waliokuwa wakisimama mbele ya ubao ule.

Ndugu yangu alianza kuuza mbaazi na mahamri asubuhi, mkewe akipika kuanzia saa kumi usiku. Mchana aliendesha bodaboda ya rafiki yake kwa makubaliano ya kugawana. Wanafunzi wake walikuwa wakimkuta barabarani na kumwita "mwalimu", naye anawabeba hadi sokoni na kupokea shilingi hamsini. Aliniambia hilo kwa simu bila kulalamika, halafu akaongeza: "Dada, mshahara wangu ulikuwa ndani ya karo, na karo imerudi nyumbani na watoto." Nilikuwa jikoni nikila, nikaweka kijiko chini. Nilimtumia nilichoweza, kama walivyofanya wengi wetu tulio nje. Lakini pesa ya dada si sera ya elimu. Nchi haiwezi kumtegemea ndugu aliyeko ughaibuni amlipe mwalimu wake wa Kemia.

Najua jibu linalokuja: Uingereza ni tajiri, usilinganishe. Nimelisikia mara nyingi, na nakubali nusu yake. Nusu nyingine sikubali, kwa sababu pesa zilitafutwa na zikapatikana. Mwezi Mei 2020 serikali ya Kenya ilitangaza shilingi bilioni 6.5 kwa ajili ya elimu katika mpango wa kufufua uchumi, zikiwemo za kuajiri walimu 10,000 na za kununua madawati 250,000 kutoka kwa mafundi wa hapa nchini. Madawati ni kitu kizuri na mafundi wa jua kali walihitaji kazi ile. Lakini maelfu kwa maelfu ya walimu waliokuwa tayari darasani mwezi Machi walibaki kutazama majina mapya yakiitwa. Mtu aliyefundisha miaka na miaka kwa malipo ya bodi alistahili kufikiriwa kwanza.

Sasa nije kwenye mtihani, maana hapo mizani inageuka.

Huku, baada ya kufuta mitihani, serikali iliwataka walimu wakadirie gredi ambayo kila mtahiniwa angeipata katika kila somo. Hilo pekee ni zito. Lakini waliongeza jambo jingine: walimu wawapange wanafunzi wote wa somo kwa mfuatano, wa kwanza hadi wa mwisho, na wawili wasifungane. Kazi yangu ilikuwa kukusanya orodha hizo na kuziingiza kwenye mfumo. Mwalimu mmoja wa Hisabati alinipigia simu usiku kuhusu wasichana wawili walio sawa kwa kila hali: alama za darasani, kazi za nyumbani, jaribio la Januari. Lazima mmoja awe juu ya mwenzake. Alisema amekwisha kuwabadilisha mara kadhaa na kila akibadilisha anamwona yule aliyemshusha. Huyu ni mtu aliyefundisha tangu mimi niko shule ya msingi Kwale, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Kisha kazi hiyo yote ikachukuliwa na kupitishwa kwenye kanuni ya kompyuta ya Ofqual, mamlaka ya mitihani ya England, iliyotazama matokeo ya shule husika ya miaka iliyotangulia. Shule ikiwa haijawahi kutoa gredi za juu, kijana wake hodari wa mwaka ule alivutwa chini na historia ya watu asiowajua. Madarasa madogo, ambayo mengi yako katika shule za kulipia, yaliachiwa makadirio ya walimu wao. Matokeo ya A-level yalipotoka tarehe 13 Agosti, karibu asilimia 40 ya gredi walizokadiria walimu zilikuwa zimeshushwa. Vijana waliandamana London. Tarehe 17 Agosti serikali ikarudi nyuma na kukubali makadirio ya walimu. Siku hizo nne tulikuwa tunapokea simu za wazazi wanaolia, na hatukuwa na la kuwaambia, kwa sababu hata sisi hatukuelezwa kanuni ile ilivyomfikia mtoto wao mmoja mmoja.

Mkenya anaielewa haraka dhuluma ya kuhukumiwa kwa jina la shule yako. Kwa hiyo nilipoona nyumbani wanashikilia kwamba mtihani utafanywa hata ukichelewa, niliunga mkono, na mpaka leo naunga mkono. Waziri wa Elimu wa Kenya, George Magoha, alitangaza Julai 2020 kwamba mwaka ule wa masomo umepotea na KCPE na KCSE, mitihani ya kumaliza shule ya msingi na ya sekondari, hazitafanyika mwaka huo. Oktoba akawarudisha darasa la nane, kidato cha nne na gredi ya nne. KCPE ikafanywa Machi 2021, na KCSE ikaanza mwezi huohuo hadi Aprili, ikiwa na karibu watahiniwa 750,000. Karatasi zilitoka kwenye kontena linalolindwa na polisi kama ilivyo tangu 2016, zikafunguliwa, mtoto akaandika mwenyewe alichokijua. Baada ya wizi mkubwa wa mitihani wa 2015, nani nyumbani angekubali gredi iliyoandikwa na mwalimu anayeishi kijiji kimoja na wazazi? Mwalimu mwenyewe angewekwa hatarini, angefuatwa nyumbani na bahasha au na vitisho. Kusubiri kuliwaokoa walimu wetu na mzigo ule uliomvunja mwenzangu wa Hisabati.

Lakini kusubiri kulilipiwa, na waliolipa ni haohao wa shuleni. Tangazo la kufungua lilitolewa tarehe 6 Oktoba na watoto wakaingia tarehe 12. Kwa siku sita bodi zipate maji, sabuni, kipimajoto na nafasi kati ya madawati. Ndugu yangu aliitwa arudi, na aliambiwa mambo ya malipo "yataangaliwa karo ikiingia". Akarudi. Nilimuuliza kwa nini, akasema kidato cha nne ni watoto aliowapokea kidato cha kwanza. Alikuta vijana ambao hawakuwa wameshika bureti, ule mrija wa kupimia vimiminika, tangu Machi, na mtihani wa vitendo wa Kemia unawasubiri. Aliwagawa vikundi vidogo, akarudia zoezi lilelile kundi baada ya kundi hadi jua linatua, barakoa imelowa jasho. Jambo ambalo hakuna mwongozo uliomkumbusha ni sanitaiza: ina spiriti, nayo inawaka. Mwanafunzi anapaka mikono mlangoni, anakuja moja kwa moja kwenye moto wa maabara. Akaweka ndoo ya maji na sabuni, akakataza sanitaiza ndani ya maabara yake. Mipango iliyoandikwa Nairobi haikuona hilo, aliliona mtu anayesimama kwenye maabara.

Januari 2021 nchi hizi mbili zilifanana na kutofautiana siku ileile. Jumatatu tarehe 4, shule zote za Kenya zilifunguliwa kwa madarasa yaliyobaki, nafasi ya mita moja ikawa ndoto, na Magoha akasema watoto wasome hata chini ya miti. Siku hiyohiyo shule nyingi za msingi za England zilifunguliwa asubuhi, na usiku Waziri Mkuu Boris Johnson akatangaza zifungwe tena. Mitihani ya huku ikafutwa kwa mara ya pili. Safari hii hapakuwa na kanuni ya kompyuta, walimu walitoa gredi wenyewe na kukusanya ushahidi wa kila moja, na baadhi ya wazazi walileta barua za mawakili.

Kwenye chanjo, nyumbani walitangulia kifikra. Kenya iliwaweka walimu kwenye kundi la mwanzo mwezi Machi 2021, pamoja na wahudumu wa afya na askari, baada ya Oktoba na Novemba chungu ambapo walimu wetu walizikwa, wakuu wa shule wakiwemo. Huku vyama vya walimu viliomba jambo hilohilo, serikali haikuwatanguliza, ikafuata hasa umri. Nilichanjwa zamu ya umri wangu ilipofika, nikiwa nimeshakaa miezi kadhaa na watoto mia kadhaa.

Baadaye kalenda ya Kenya ilibanwa ili kufidia mwaka uliopotea. Mihula ilifupishwa, likizo zikawa za siku chache, na 2022 ikawa na KCSE mbili, Machi na Novemba, hadi Januari 2023 mambo yaliporudi kawaida. Miezi yote hiyo mwalimu wa BOM alifundisha haraka zaidi kwa malipo yaleyale ya kusuasua. Malimbikizo ya ndugu yangu ya kipindi cha kufungwa hayajalipwa, na bodi inasema haidaiwi, kwa kuwa hakukuwa na kazi.

Ninachotaka si kompyuta mpakato kwa kila mtoto, ingawa nazo ni nzuri. Nataka mfuko wa dharura ulioandikwa kwenye sheria, unaomlipa mwalimu wa BOM na mfanyakazi wa shule sehemu ya mshahara wake serikali yenyewe inapofunga milango. Hakuna ugumu wa kuwapata. Sheria inamtaka kila mwalimu awe amesajiliwa na TSC hata kama haajiriwi nayo, kwa hiyo namba zao zipo, na kila mmoja ana simu ya kupokelea pesa. Wapishi na mabawabu majina yao yako kwenye vitabu vya bodi. Wabunge wa Pwani, na wa kwingineko, waulizwe hili sasa wakati shule ziko wazi, kwa kuwa Machi 2020 ilituonyesha kwamba tangazo la kufunga huja Jumapili jioni na Jumatatu mtu ameshapoteza kazi.